Kutu iliyojificha ndani ya chasisi: kwa nini gari la Dodoma nalo huoza, na namna ya kulitengeneza nyumbani

Kwenye matangazo ya magari ya zamani, maneno "gari la Dodoma, halina kutu" yanauza kuliko picha. Mnunuzi wa Mwanza au Arusha akisikia Land Rover ya mwaka 1978 imekaa Dodoma, anaamini moja kwa moja kwamba chasisi ni nzima kwa sababu huku ni kukavu. Anafika, anawasha injini, anapiga bodi ngumi mbili tatu, analipa. Siku ya kwanza anapoliinua kubadilisha tairi, jeki inazama ndani ya chuma. Lawama zinaanza: muuzaji kadanganya, dalali kadanganya. Mara nyingi hata wao hawakujua. Kutu ilikuwa ndani kwa miaka mingi na hakuna aliyeichungulia.

Tuanze na chasisi yenyewe. Chasisi ni fremu ya chuma inayobeba injini, bodi, ekseli na mzigo. Kwa Land Rover za zamani na Land Cruiser za mfululizo wa 40, fremu hiyo ni mihimili miwili mirefu inayotoka mbele hadi nyuma, ikiunganishwa na mihimili mifupi ya kukatisha ambayo mafundi wanaiita krosimemba. Pembeni kuna mikono mifupi inayobeba bodi. Watu wengi wanadhani mihimili hiyo ni chuma kilichojaa. Sivyo. Ni maboksi: bati zito limekunjwa na kuchomelewa likawa bomba la pembe nne, tupu ndani. Kwa Land Rover za Series, bati hilo lina unene wa takriban milimita 2 tu. Nguvu yote inatokana na umbo la boksi, si unene wa chuma. Ukuta mmoja ukiliwa, boksi si boksi tena, na mhimili unaanza kukunjika mahali ambapo usingetarajia.

Peugeot 504 ya saluni haina fremu ya namna hiyo. Bodi na sakafu yake ndiyo chasisi, na kutu hujificha kwenye vizingiti vya chini ya milango. Mengi ya hapa yanalihusu pia, ila kulishikilia lisipinde wakati wa kukata ni kazi ngumu zaidi.

Kutu nayo ina masharti. Inahitaji chuma, maji na hewa kwa pamoja. Kimoja kikikosekana, hakuna kutu. Chumvi hailetei chuma kutu peke yake, lakini inavuta unyevu kutoka hewani na kuharakisha ulaji mara nyingi. Jambo jingine ni kwamba kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilicholiwa. Ndiyo maana bati mbili zilizolaliana zikiingiwa na kutu katikati, zinavimba na kutengana, hata kama zilifungwa kwa ribiti.

Kwa ngazi, ziko tatu. Kutu ya juu ni ile ya rangi ya chungwa inayofutika kwa brashi ya waya na kuacha chuma laini. Kutu ya mashimo imeshachimba vijishimo, na ukisugua chuma kinabaki na makovu. Kutu ya kutoboa haihitaji maelezo. Makosa mengi ya matengenezo yanatokana na kuitibu ngazi ya tatu kwa dawa ya ngazi ya kwanza.

Ukavu wa Dodoma unafanya nini hasa

Ni kweli Dodoma ni kukavu. Mvua yake kwa mwaka ni kati ya milimita 500 na 600 hivi, na karibu yote inanyesha kati ya Desemba na Aprili. Gari lililoachwa wazi, lisiloguswa, chuma chake cha nje hudumu vizuri kuliko cha Tanga au Zanzibar. Tatizo ni kwamba chasisi haiozi kutokea nje.

Kiwandani, mihimili ya chasisi huachwa na matundu: ya kupitisha nyaya, ya kufungia bolti, ya kutolea maji. Kwenye barabara za vumbi za Bahi, Chamwino au Mpwapwa, matundu hayo hayo ndiyo milango ya vumbi. Linaingia kidogo kidogo, linatulia chini ya boksi, linajaza kona na kuziba matundu ya kutolea maji. Mvua ya kwanza inanyesha, gari linavuka korongo, au linapigwa maji ya presha pale kwa waosha magari. Vumbi linakuwa tope. Nje, jua la Dodoma linakausha chuma ndani ya saa moja. Ndani, tope limefunikwa kwa giza, halina upepo, linabaki na unyevu kwa wiki kadhaa. Kama tope hilo limetoka maeneo yenye udongo wa chumvi, kama mbuga za Bahi ambako wenyeji tangu zamani wamekuwa wakipika chumvi kutokana na udongo, mambo ni mabaya zaidi. Kwa hiyo vumbi, ambalo watu wanalichukulia kuwa ushahidi wa ukavu, ndilo linalotunza maji dhidi ya chuma.

Halafu kuna historia ya gari. Tangu Serikali ilipoanza kuhamia Dodoma mwaka 2016, magari mengi yamepanda huku kutoka Dar es Salaam yakiwa yameshakula hewa ya bahari miaka kumi au ishirini. Mengine yameagizwa kutoka Uingereza au Japani, nchi ambazo barabara zake za maeneo ya theluji humwagiwa chumvi wakati wa baridi. Anwani ya sasa haifuti ya zamani.

Land Rover inadanganya zaidi kuliko gari lolote, kwa sababu sehemu kubwa ya bodi yake ni ya aluminiamu, isiyoshika kutu nyekundu. Bodi inang'aa huku chasisi ya chuma chini yake imekwisha. Ni kama nguzo ya nyumba iliyoingiwa na mchwa: ganda la nje limesimama na rangi yake, na siku unapoliegemea ndipo unapojua ndani hakuna kitu. Ukiona unga mweupe pale aluminiamu inapogusana na chuma, ujue maji yamekuwa yakikaa hapo, pachunguze kwanza.

Kuitafuta

Vifaa ni vichache: nyundo ndogo, bisibisi ya zamani yenye ncha, sumaku, waya mgumu na tochi. Kamera ndogo ya waya inayochomekwa kwenye simu inasaidia sana, lakini nyundo ndiyo inayosema ukweli. Osha chasisi kwanza, iache ikauke, kisha gonga kila sentimita tano, chini na pembeni. Chuma kizima kinalia kwa sauti kali na nyundo inaruka mkononi. Chuma kilicholiwa kinatoa sauti butu, nyundo inatulia, na mara nyingi unasikia magamba yakidondoka ndani ya boksi. Pale paliposikika butu, sukuma bisibisi kwa nguvu ya mkono. Usiogope kutoboa. Chuma kinachotobolewa kwa bisibisi hakikuwa kinabeba chochote.

Ingiza waya kwenye matundu ya kutolea maji, uzungushe, uangalie kinachotoka. Vumbi jekundu lililo laini ni udongo. Vipande vyeusi-kahawia vilivyo bapa, vinavyovunjika kama ukoko mkavu, ni chasisi yako yenyewe. Pitisha sumaku juu ya mahali palipo laini kupita kiasi: isiponasa, chini ya rangi hiyo kuna puti au nyuzi za faiba.

Sehemu za kukazia macho kwa Land Rover ni krosimemba ya nyuma, mikono ya pembeni inayobeba ukuta wa mbele wa bodi, mhimili unapopinda juu ya ekseli ya nyuma, hanga za springi, na chuma kilicho juu ya tangi la mafuta, ambacho hakionekani mpaka tangi lishushwe. Kwa Land Cruiser, anza nyuma ya ekseli ya nyuma na mahali popote palipowekwa bati mbili.

Kabla ya kuamua kukata, tafuta namba ya chasisi iliyogongwa kwenye chuma. Kwa Land Rover na Land Cruiser nyingi za umri huo iko mbele kulia, kwenye mhimili au karibu na hanga ya springi. Namba hiyo ndiyo iliyoandikwa kwenye kadi ya gari. Ukiikata, ukaisaga au ukaifunika kwa kiraka, umejitengenezea kesi na polisi na TRA kwa gari lako mwenyewe. Kama kutu imefika hapo, pata maelekezo kwao kwa maandishi kabla ya kugusa.

Dawa zisizotibu

Oili chafu ndiyo maarufu kuliko zote. Inapakwa chini ya gari, gari linang'aa jeusi, mwenye gari anafurahi. Lakini oili iliyotumika ina tindikali na masizi ya injini, inalainisha mipira ya bushi, inakamata vumbi na kulifanya kuwa bandiko, na inadondokea ardhini. Zaidi ya yote, inapakwa nje wakati kutu iko ndani. Rangi nene ya lami nayo ina kosa lake: ikipakwa juu ya kutu inafunika tu, na ikipata ufa mdogo inashika maji kati yake na chuma. Chini ya ngozi nyeusi inayoonekana nzima, utakuta magamba.

Dawa ya kugeuza kutu, ile yenye tindikali ya fosforiki, ni nzuri kwa kazi yake: kutu ya juu, nyembamba, iliyokwisha kusuguliwa. Haiwezi kupenya gamba la milimita moja, na haiwezi kurudisha chuma kilichoondoka.

Kisha kuna kiraka cha chuma kinene, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndicho kinachovunja chasisi nyingi. Fundi anachukua bati la milimita 5 au 6, analibandika juu ya kutu, anachomelea pembeni, na kusema "hii haivunjiki". Mambo matatu yanatokea. Kwanza, kutu iliyofunikwa inaendelea kula katikati ya bati mbili, na sasa haionekani kabisa. Pili, amechomelea kwenye chuma chembamba kilichooza, kwa hiyo weldi imeshika kitu kisicho na nguvu. Tatu, chasisi imeundwa ipinde kidogo kwa urefu wake wote gari linapopita kwenye mashimo. Kipande kigumu kupita kiasi hakipindi. Mzigo wote unajikusanya mwisho wa kiraka, kwenye mstari wa weldi, na hapo ndipo ufa unapoanza. Gari linarudi gereji limekatika sentimita mbili kutoka kwenye kiraka, na linaongezewa kiraka kingine. Chuma cha kuzibia kiwe na unene ule ule wa asili, au kizidi kwa nusu milimita tu.

Kazi yenyewe

Fanya kazi hii kati ya Juni na Oktoba, ndani ya chasisi pakaushike kweli. Ukianza, suuza ndani ya mihimili kwa mpira wa maji uliopitishwa kwenye matundu mpaka maji yatoke meupe, kisha liache gari juani siku nne au tano.

Weka gari mahali pagumu na tambarare. Stendi ziwe sita: nne karibu na miisho na mbili katikati, zote chini ya chuma kizima. Jeki peke yake si stendi, na matofali ya saruji hupasuka bila kuonya. Pima ulalo: kutoka tundu la bolti mbele kushoto hadi nyuma kulia, kisha upande wa pili, uandike. Ukimaliza, vipimo vikitofautiana na vya mwanzo kwa zaidi ya milimita 3, chasisi imevutwa na joto. Milango ibaki mahali pake wakati wa kukata; ikianza kukwama ni dalili ya mapema kwamba kuna kinachopinda.

Ondoa betri na nyaya za altaneta. Shusha tangi la mafuta, lipeleke mbali kabisa na eneo la kazi. Kulifunika kwa gunia lenye maji hakutoshi, kwa sababu mvuke wa petroli ndio unaolipuka. Fungua mabomba ya breki na ya mafuta yaliyo karibu. Kwa Land Rover, kumbuka kwamba nyaya za taa za nyuma hupita ndani ya mhimili wa chasisi. Funga kamba imara kwenye ncha moja, zivute nje, uache kamba ndani ili uzirudishe kwa njia ile ile. Wanaosahau hili wanachoma nyaya zote kwa weldi moja.

Chora kwa chaki mpaka wa kukata, sentimita 3 hadi 5 kupita mwisho wa chuma laini, na uzungushe kona. Kona kali ni mwanzo wa ufa. Kata kwa grenda ndogo na jiwe la milimita 1. Fanya upande mmoja, tena kipande kimoja kwa wakati. Kama pengo linazidi sentimita 30, chomelea kwanza engo (chuma cha pembe) ya milimita 40 kwa 40 kushikilia mhimili, utaikata baadaye. Ukishafungua, usikimbilie kuziba. Huu ndio wakati pekee utakaoiona chasisi ndani: kwangua, piga brashi ya waya, toa magamba yote. Kama chuma cha pembeni bado kina mashimo, kata zaidi.

Tengeneza kielelezo kwa katoni, ukijaribishe mpaka kikae sawasawa, ndipo ukihamishie kwenye bati jeusi la geji 14, ambalo ni milimita 2. Usitumie bati la kuezekea: ni jembamba mno kwa kazi hii, na zinki yake ikiungua inatoa moshi unaoleta homa na kubana kifua. Toboa kwenye kipande kipya matundu ya kutolea maji yaliyokuwepo kwenye cha zamani. Hili husahaulika, na boksi jipya linageuka kuwa tangi.

Kwa kuchomelea, mashine ya waya yenye gesi inafaa zaidi, waya wa milimita 0.8. Upepo wa Dodoma wa Agosti na Septemba unapeperusha gesi hiyo na kuacha weldi yenye vitundu, kwa hiyo zungushia turubai lisiloshika moto au mabati. Ukitumia mashine ya vijiti, chukua vya milimita 2 kwa ampia 40 hadi 60, au 2.5 kwa ampia 60 hadi 80. Zaidi ya hapo unatoboa. Acha mwanya wa milimita 1 hadi 1.5 kati ya kipande na chasisi ili weldi izame. Shika kwa nukta kila sentimita 3 kuzunguka pande zote, kisha jaza vipande vya sentimita 2 au 3, ukiruka kutoka upande huu kwenda ule, ukiacha chuma kipoe. Ukivuta mstari mrefu mara moja, joto litapindisha mhimili na ulalo wako utakwenda. Epuka mstari wa weldi unaokata mhimili wima kwa mkato mmoja. Ulaze kwa mshazari ili nguvu isikusanyike mahali pamoja. Waya wa hasi ushikwe kwenye chuma kisafi karibu na weldi.

Awepo mtu wa pili mwenye ndoo ya mchanga na kizima moto cha unga, na abaki hapo nusu saa baada ya weldi ya mwisho. Moto wa kazi hizi huanzia kwenye nyasi kavu au mabaki ya grisi, watu wakiwa wameshaenda kunywa chai.

Usiku, ingiza tochi ndani ya boksi na uangalie nje. Kila nukta ya mwanga ni tundu la kurudia.

Si lazima mwenye gari achomelee mwenyewe. Kuosha, kufungua, kupima, kukwangua na kukata vielelezo ndiko kunakokula muda, na hayo hayahitaji ufundi wa weldi. Mlete mchomeleaji kwa siku moja akikuta kila kitu tayari. Na kama sehemu mbovu ni hanga ya springi, mahali inapofungwa sanduku la usukani au kiti cha injini, hapo awe mchomeleaji aliyewahi kufanya kazi hiyo, maana kosa la milimita tano linafanya gari livute upande mmoja. Kama mihimili yote miwili imelika kwa sehemu kubwa ya urefu wake, viraka havitaokoa. Tafuta fremu nyingine na ufuate taratibu za kubadilisha namba.

Kinga ya ndani ni nusu ya kazi

Nje ni rahisi: futa kwa thina, paka praima nyekundu mikono miwili, ziba maungio, malizia kwa rangi ya mafuta. Ndani, joto la weldi limeunguza kinga yoyote iliyokuwepo, na chuma kipya kiko uchi. Ukiacha hapo, kutu itaanza masika yanayofuata, tena nyuma kabisa ya weldi zako mpya.

Kinachohitajika ni nta inayobaki laini na kujiziba yenyewe. Zipo za dukani, lakini inawezekana kuitengeneza: tepentaini lita 2.5, nta ya nyuki au mshumaa gramu 350, na oili nyepesi mpya lita 1. Nta ya nyuki inapatikana kwa wafugaji wa Manyoni, Itigi na Kondoa. Ikune ilainike, itumbukize kwenye tepentaini, funika, iache siku kadhaa juani mbali na nyumba ukiikoroga mara kwa mara mpaka iyeyuke, ndipo uongeze oili. Usiweke chombo hicho jikoni wala karibu na moto wowote. Mchanganyiko huo unatosha chasisi ya Land Rover fupi.

Pulizia kwa kompresa kupitia mpira mwembamba wenye matundu pembeni mwa ncha yake, uliozibwa mbele. Uingize mpaka mwisho wa boksi, kisha uuvute nje taratibu huku ukipulizia. Fanya mchana wa joto, nta ipenye kwenye maungio. Utajua imefika inapoanza kudondoka kwenye matundu ya chini. Ikikoma kudondoka, pitisha waya kwenye kila tundu, kwa sababu nta nayo huziba.

Kila Mei, mvua zikishakwisha, suuza tena ndani ya mihimili, acha ikauke wiki nzima, gonga kwa nyundo mahali palipochomelewa na sentimita 20 kila upande, kisha ongeza nta pale panapoonekana pakavu. Anza na krosimemba ya nyuma, inayopokea tope lote la tairi.